Kanga moja watu saba: ishu ya kusimama uwanjani iko hivi

Jumamosi moja nilikuwa kibanda umiza cha Magomeni hapa Mtwara mjini, jero mlangoni, mabenchi manne ya mbao mbele na nyuma wamesimama waliochelewa, kwenye tivii wanacheza Waingereza. Kamera ikapita nyuma ya goli, watu wote wima, viti wanavyo lakini wamesimama. Mzee mmoja benchi la pili akauliza kwa sauti, "Hawa wamelipa hela zote hizo na viti wamepewa, wanasimama nini?" Dogo wa bodaboda akamjibu kutoka nyuma, "Babu, mpira haushangiliwi kwa makalio." Kibanda kikaangua kicheko, alafu jamaa mwingine akaingilia kwamba kusimama ni ushamba, tunaandaa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, 2027 na Kenya na Uganda, watu wakae kwenye viti kama watu, na hapo ndo mjadala ukawaka mpaka dakika ya tisini, goli la pili wengi hatukuliona.

Mimi siku ile nilinyamaza, na si kawaida yangu. Nilinyamaza kwa sababu niliona wote watatu wana hoja na wote watatu kuna kitu wanakiruka, na kukieleza kibandani huku watu wanapiga kelele za kona ni kujichosha bure. Sasa nakieleza hapa.

Tuanze na hao Waingereza maana wao walifika mpaka kulazimisha watu wakae kwa sheria. Zamani kwao nyuma ya goli ilikuwa ni ngazi za zege tu, hakuna kiti, unalipa hela ndogo unasimama na wenzako mnaimba. Alafu ikaja tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Mashabiki wa Liverpool walipewa upande wa Leppings Lane, na vile vigeti vya kuzungusha vilikuwa vichache, nje nyomi likawa kubwa, mechi inakaribia kuanza saa tisa alasiri na watu bado wako nje wanabanana. Polisi wakafungua geti kubwa la kutokea ili kupunguza presha ya nje. Watu kama elfu mbili wakaingia kwa pamoja, mbele yao kuna njia ya chini kwa chini kama mtaro mkubwa, wakaifuata kwa sababu ndo njia iliyokuwa wazi inaonekana, na ile njia ilikuwa inamwaga watu katikati, kwenye vizimba viwili, yaani vipande vya eneo la kusimama vilivyozungushiwa fensi, ambavyo vilishajaa. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi kabisa. Hakuna mtu aliyesimamishwa pale kwenye mtaro kuwaambia jamani katikati kumejaa pitieni pembeni.

Mbele ya vizimba kulikuwa na fensi ya chuma, imewekwa ili wahuni wasivamie uwanja. Kwa hiyo nyuma watu wanaingia, mbele chuma. Refa alisimamisha mpira dakika ya sita. Waliokufa jumla yao wamehesabiwa 97, wa mwisho alifariki 2021 baada ya kuishi na majeraha miaka 32.

Sasa angalia kilichofuata. Siku nne baadaye gazeti la The Sun likatoka na kichwa kikubwa kwamba huo ndo ukweli, mashabiki walilewa, mashabiki waliwaibia marehemu. Uongo. Mpaka leo Liverpool kuna watu wengi hawaligusi hilo gazeti. Familia zilihangaika mahakamani miaka 27, na Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama likasema wazi kwamba watu wale waliuawa isivyo halali, na mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27 kuthibitisha kwamba mtu aliyebanwa mpaka akafa hakujibana mwenyewe.

Baada ya msiba jaji mmoja, Taylor, akapewa kazi ya kuchunguza, ripoti yake ya mwisho ikatoka Januari 1990, na mojawapo ya mapendekezo yake ni viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu. Ikapitishwa, timu za madaraja mawili ya juu zikapewa mpaka Agosti 1994. Ila kuna kitu watu wengi hawakisemi, kwamba huyohuyo Taylor aliandika kuwa kusimama kwenyewe kama kusimama sio hatari kwa asili yake. Yeye aliona tu kwamba viti vinasaidia kuhesabu watu na kuwatawala. Na kwenye ripoti hiyohiyo alitoa mfano kwamba pale Ibrox Scotland kiti kilikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4, yaani hakutegemea kabisa kwamba viti vitatumika kuwafukuzia maskini. Kilichokuja kutokea kwenye bei za tiketi za Ligi Kuu ya kwao mnakijua wenyewe, hata anayeangalia kwa jero Magomeni anakijua.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye neno letu moja, maana nahisi ndo limetuharibia mjadala. Msiba wa namna hii ukitokea popote, redio inasema watu kadhaa wamekufa kwa KUKANYAGANA. Sikiliza hilo neno vizuri. Kukanyagana, kama kupigana, kama kugombana, yaani mimi nimekukanyaga wewe na wewe umenikanyaga mimi, kosa letu wenyewe kwa wenyewe, aliyejenga hayupo, aliyefunga geti hayupo, aliyeuza tiketi kupita kiasi hayupo. Na ukweli ni kwamba kwenye misiba mingi ya hivi watu wengi hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa wamesimama. Wanabanwa kifua, ukitoa pumzi kifua kinaingia ndani, ukitaka kuvuta pumzi nyingine kifua hakina nafasi ya kutanuka, dakika chache tu umezimia na mwili wako bado uko wima kwa sababu hauna pa kuangukia. Aliye nyuma hajui. Aliye nyuma anasogea nusu hatua tu kwa sababu na yeye kasukumwa nusu hatua, na hizo nusu hatua za watu mia tano zikijumlishana zinafika mbele zimekuwa lori.

Hali hiyo naijua kidogo. Miaka ile timu yetu Ndanda, Wanakuchele, wako Ligi Kuu, timu kubwa ya Dar ikija kusini ilikuwa ni sikukuu, watu wanatoka mpaka Newala na Tandahimba, na kama imegongana na msimu wa malipo ya korosho ndo usiseme. Kwenye uwanja mmoja wa huku kusini, siutaji, geti lilifunguliwa bawa moja tu, bawa lingine limefungwa kwa mnyororo, na sisi tuko nje mamia. Nilikuwa nimenyoosha mkono juu nimeshika tiketi, na nikashindwa kuushusha. Nauona mkono wangu mwenyewe uko juu kule na siwezi kuurudisha chini kwa sababu nafasi ya bega imeshachukuliwa na mtu. Simu inatetemeka mfuko wa suruali, siifikii. Mama mmoja muuza karanga alikuwa katikati yetu na beseni lake, beseni likamtoka likawa linatembea juu ya vichwa vya watu peke yake kama ngalawa, karanga hazimwagiki hata, na yeye anapiga kelele beseni langu jamani, watu wanacheka. Tulikuwa tunacheka! Hakuna aliyejua kwamba pale labda tulibakiza kuongezeka watu wawili tu kwa kila hatua kuufikia msiba. Baadaye mtu akakata mnyororo tukamwagika ndani, tukasahau, timu yetu ikafungwa.

Kwa hiyo swali la kwanza sio umekaa au umesimama. Swali ni mmesimama wangapi kwenye eneo gani. Na hili lina hesabu yake, Waingereza wana kitabu chao cha usalama wa viwanja, kinasema eneo la kusimama zuri kabisa, lenye ngazi nzuri na vyuma vya kuegemea, lisizidi watu 47 kwa kila mita za mraba 10. Mita ya mraba ni lugha ya mafundi, wacha niiweke nyumbani. Chukua kanga, sio doti nzima, kipande kimoja. Ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Itandike chini. Kwa ile hesabu kanga moja inabeba watu saba, wa nane inabidi umwambie subiri kidogo. Wakikaa kwenye viti, eneo la kanga linatosha viti vinne hivi. Na wataalamu wa nyomi wanasema mkifika watu sita na kuendelea kwa mita moja ya mraba, ambayo kwenye kanga ni kumi, hapo mmeacha kuwa watu mmekuwa maji, mtu mmoja akiyumba wimbi linapita kwa wote na miguu yako inaweza ikanyanyuka chini bila ridhaa yako.

Nimelijaribu hili sebuleni na watoto wangu na wa jirani, wanasoma sekondari sio wadogo. Saba walienea wanacheka, kila mtu anaweza kujikuna. Tisa wakaanza kulalamika. Kumi tukashindwa kumwingiza bila kusukuma. Yaani tofauti ya raha na kifo ni watu watatu kwenye kanga, na hakuna macho ya polisi aliyesimama mbali yanayoweza kuiona hiyo tofauti, kutoka juu saba na kumi vyote vinaonekana ni vichwa tu. Ndo maana lazima kuhesabu, na kuhesabu kunafanyika getini kabla mtu hajaingia, sio akishaingia.

Na hapa mtu wa Mtwara au Lindi ndo napata hasira kidogo, maana sisi kuhesabu tunajua sana. Gunia la korosho likifika ghalani linapimwa, linahesabiwa, mkulima anapewa stakabadhi, gunia moja likipotea chama cha msingi kizima hakilali. Ila ikija mechi kubwa, anayejua uwanja umeingiza watu wangapi ni nani? Wengine wameingia na tiketi, wengine wamepita na mjomba aliyeko getini, wengine ukuta.

Hesabu ya pili ni ya milango. Kitabu hichohicho kinasema kwenye njia ya tambarare mita moja ya upana inapitisha watu 82 kwa dakika, kwenye ngazi 66, na uwanja uwe umeweza kuwatoa watu kwenye majukwaa ndani ya dakika 8. Tufanye kaupande kana watu 5,000. Ukiwatoa kwa dakika 8 unahitaji upana wa milango karibu mita nane ulio WAZI, sio uliopo kwenye ramani. Sasa ukiwa na geti moja la mita mbili, wale 5,000 watatoka kwa nusu saa, na hiyo ni wakitembea kistaarabu hakuna moshi hakuna mvua hakuna bomu la machozi.

Bomu la machozi limeua sana Afrika na nje ya Afrika. Accra, Mei 2001, Hearts of Oak na Kotoko, mashabiki walikasirika wakang'oa viti vya plastiki wakavirusha uwanjani, polisi wakapiga mabomu, watu wakakimbilia mageti, mageti yamefungwa, wakafa 126. Indonesia, uwanja wa Kanjuruhan, Oktoba 2022, mabomu tena, milango tena, wakafa 135. Yaoundé, Olembe, Januari 2022, AFCON yenyewe na uwanja mpya kabisa, geti lililotakiwa kuwa wazi lilikuwa limefungwa, wakafa 8 nje huko hata mpira hawajauona. Na kwetu, Mei 2023, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger kwa Mkapa, ule uwanja mkubwa wa Dar, mtu 1 alifariki na 30 wakaumia kwenye msongamano, na kwa Mkapa kila mtu anajua ni viti elfu sitini, uwanja mzima viti. Hata ule msiba wa Machi 2021 pale Shamba la Bibi, yaani Uwanja wa Uhuru, watu 45 walipokufa wakienda kumuaga Rais Magufuli, haukuwa mpira kabisa lakini ni ileile: watu wengi, njia chache.

Umeona? Accra viti vilikuwepo. Olembe viti vilikuwepo. Kwa Mkapa vilikuwepo. Kiti hakijawahi kufungua geti.

Na kuna mfano mmoja naupenda japo ni wa kusikitisha. Bradford, Uingereza, Mei 1985, jukwaa la mbao lilishika moto mchana kweupe, wakafa watu 56, na wengi waliokufa ni waliokimbilia nyuma walikoingilia wakakuta milango imefungwa. Waliopona kwa wingi ni waliokimbilia mbele wakaruka uwanjani, kwa sababu upande ule haukuwa na fensi. Miaka minne baadaye Hillsborough fensi ipo. Sasa niambie wewe viwanja vyetu vingapi vina wavu wa chuma kati ya shabiki na nyasi, na ule mlango mdogo wa kwenye wavu ufunguo anao nani, na siku ya mechi yuko wapi.

Basi turudi kwa dogo wa bodaboda. Yeye anasema mpira haushangiliwi kwa makalio, na Wajerumani wanamuunga mkono. Dortmund wana jukwaa moja la kusini lenye watu kama 25,000 wamesimama, wanaliita ukuta wa njano, uwanja wote unaingiza zaidi ya 81,000 kwenye ligi yao. Bei ya kusimama ni ya chini sana ukilinganisha na kukaa, ndo maana pale utamkuta mwanafunzi na fundi bomba. Lakini lile jukwaa sio kilima tu ambacho watu wamepanda. Kuna vyuma vya kuvunja mawimbi kila baada ya ngazi chache, watu wamehesabiwa, njia za katikati zinaachwa wazi.

Scotland nao, kwa sababu sheria ya viti vya lazima ilikuwa ya England na Wales tu, Celtic wakafunga viti vya chuma 2016. Hiki kiti inabidi nikieleze maana ndo kilichomaliza ubishi kwa wenzetu. Kila safu ina bomba la chuma limefika kiunoni, kwenye hilo bomba kuna kiti kinachokunjwa na kufungwa. Ukitaka kukaa unakishusha, ukitaka kusimama unakikunja unaegemea bomba la mbele. Mtu mmoja sehemu moja, namba yako iko palepale. Timu ikifunga unaruka utakavyo, hutomwangukia wa mbele kwa sababu chuma kimekushika kiunoni. Kwenye kiti cha plastiki cha kawaida ukisimama, mgongo wa kiti cha mbele unakufika chini ya goti, ukisukumwa unapiga mweleka unaenda safu tatu chini, watu wamevunjika miguu sana kwa staili hiyo.

Na England huo ndo ulikuwa mzizi wa ishu. Sheria ilisema wakae, mashabiki wakawa wanasimama mbele ya viti vyao miaka karibu thelathini, hasa wa timu ngeni na walioko nyuma ya goli, wasimamizi wakiwaambia kaeni wanakaa dakika mbili wanainuka. Huwezi kukamata watu elfu tatu kwa kosa la kusimama. Mwisho serikali ikaona bora waruhusiwe kwa utaratibu, Januari 2022 wakajaribu kwenye viwanja vya timu tano, zikiwemo Chelsea, Tottenham na zile mbili za Manchester, na kuanzia msimu wa 2022/23 timu yenye viti vya mabomba na kibali inaruhusiwa. Baadhi ya familia za Hillsborough hazikupenda, na mimi nani wa kuwaambia mmekosea.

Sasa yule mzee wa benchi la pili. Yeye hakuuliza mambo ya usalama, aliuliza kwa nini. Ila nyuma ya swali lake kuna jambo kubwa, kwamba mmoja akisimama mbele, nyuma wote lazima wasimame, na kuna watu hawawezi kusimama dakika tisini na za nyongeza. Mzee mwenye magoti, mjamzito, mtoto, mwenye kiti cha magurudumu ndo kabisa anaangalia migongo. Mimi nina dada yangu mfupi, kila tukienda uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona anarudi na stori za visogo, anamjua mtu kwa mshono wa jezi. Kwa hiyo anayesema watu waruhusiwe kusimama popote wanapotaka, huyo anachukua haki ya kusimama kwa kumnyang'anya mwingine haki ya kuona. Lazima pawe na upande wa kusimama na upande wa kukaa, na tiketi iseme, na anayesimama upande wa kukaa aambiwe.

Kwetu huku hali halisi inafurahisha, sisi wala hatujaamua. Mzunguko ndo tiketi ya bei ya chini, unakuta zege au ardhi, anayetaka anakaa kwenye kipande cha boksi, anayetaka anasimama. Nangwanda ni hivyo, na kwenye viwanja vingi vya mikoani ni hivyohivyo. Tunasimama kwa sababu hakuna kiti alafu tunasema ni mzuka. Mashindano ya CAF, shirikisho la mpira Afrika, yakija ndo tunashtuka, wao wanataka kiti kimojakimoja chenye namba yake. Namungo, Wauaji wa Kusini, walipofika makundi ya Shirikisho msimu wa 2020/21, mechi za nyumbani watu wa Ruangwa waliziangalia kwa jero kama mimi, maana zilichezwa Dar.

Kuna wanaosema tukiweka viti huku vitang'olewa. Sio hoja ya kudharau, Oktoba 2016 mechi ya watani kwa Mkapa, wakati ule bado tunauita Uwanja wa Taifa, mashabiki waling'oa viti kwa hasira, na aliyezifungia Simba na Yanga zisiutumie ule uwanja ni waziri wa michezo wa wakati ule, Nape Nnauye, mtu wa hukuhuku Lindi. Desemba 2024 vikang'olewa tena Simba na CS Sfaxien, zaidi ya 200, CAF wakawachezesha Simba bila mashabiki mechi iliyofuata nyumbani. Kitu kinachouma ni kwamba ule uwanja sasa una jina la Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, mpaka uwanja wenyewe watu wanauita Lupaso. Ila mtu anayeng'oa kiti hajakaa wala hajasimama, huyo ana hasira, na ukimpa zege atakupiga na chupa.

Mimi msimamo wangu, kwa wanaotaka niseme: nyuma ya magoli waacheni watu wasimame. Kwa viwanja vyetu vya mikoani mabomba ya kiunoni ya kuchomelea hayahitaji kuagizwa Ulaya, mafundi wa kuchomelea tunao hapa Mtwara na mageti ya nyumba zetu wao ndo wanatengeneza. Zege likipigwa ngazi vizuri, bomba kila baada ya ngazi kadhaa, idadi ikaandikwa kwa rangi kubwa ukutani "HAPA MWISHO WATU 1,200" au yoyote itakayotoka kwenye hesabu ya kanga, na anayekata tiketi akifika hiyo namba anafunga dirisha hata kama aliyebaki nje ni mtoto wa mkuu wa nini sijui. Jukwaani wakae, wakisimama waambiwe. Mechi za CAF ziende na viti vyao. Mageti yafunguliwe mabawa yote na funguo ziwe kwa mtu aliyesimama hapohapo getini. Nikichagua kati ya uwanja wa viti vipya na geti lenye mnyororo, na uwanja wa zege tupu wenye mageti manne wazi, mimi nawapeleka watoto wangu kwenye zege.

Bajeti ikiwa ndogo anzeni na mageti. Viti vitapigwa picha na mgeni rasmi, geti halipigwi picha, ndo maana viti vinatangulia siku zote.

Kile kibanda cha Magomeni nilirudi juzi kuangalia watani. Mwenye kibanda, ambaye siku ile ya mjadala alikuwa mlangoni anakusanya jero na nilidhani hasikilizi, ametoboa mlango wa pili nyuma, bado hata fremu hajaweka, matofali yanaonekana meno. Nyuma amefunga mti wa mwanzi ukuta hadi ukuta, usawa wa kiuno, wa kusimama wanaegemea hapo. Nikamuuliza hii nini, akasema, "Ndo hiyo ya kwenu ya Ujerumani, bro." Nikamuuliza anaingiza wangapi sasa hivi. Akasema sitini, wa sitini na moja anamrudisha. Nikageuka nikaanza kuhesabu vichwa, nikafika hamsini na nne, Yanga wakapata kona watu wakainuka wote, nikapoteza hesabu.